Kigeu Kilichokosewa Herufi Moja
Kinachonikera katika violezo vya Jinja, lugha ya kutengenezea kurasa za tovuti ambazo programu huzijaza taarifa, si wingi wa mabano yake, bali ni ukimya wake pale ninapokosea jina la kigeu, yaani jina linaloshikilia thamani fulani. Juzi niliandika sharti («if») la kuonyesha ujumbe kwa mtu aliyekwisha kuingia kwenye akaunti, nikaandika «mtumaji» badala ya «mtumiaji». Kwa kuwa Jinja, isipoelekezwa vinginevyo, hukichukulia kigeu isichokijua kuwa kitupu, na kitupu ndani ya sharti huhesabiwa kuwa si kweli, ukurasa ulifunguka vizuri kabisa, bila ujumbe wangu na bila onyo lolote. Nilipoteza saa mbili nikikagua hifadhidata na kuzima na kuwasha seva, ilhali kosa lilikuwa herufi moja.

Dawa ipo: mpangilio uitwao StrictUndefined, ambao husimamisha kazi na kulitaja jina lisilojulikana. Kwa nini basi tuachiwe wenyewe kuuwasha? Django, mfumo mwingine wa kutengenezea tovuti wenye violezo vyake, nayo huacha nafasi tupu vivyo hivyo, na wanaoumia zaidi ni wanafunzi, ambao hudhani hawajaelewa somo la masharti, kumbe kidole tu ndicho kilichoteleza.