Uanamitindo: Tusome Mkataba Kabla ya Kujadili Mavazi

Kijana akitangaza kwao kwamba anataka kuwa mwanamitindo, mjadala haukawii kufika kwenye mavazi: atavaa nini, atavua nini, watu watasemaje. Wanaomtetea nao hujibu papo hapo kwamba mwili ni wake na kazi ni kazi. Naona pande zote mbili zinalipita jambo lenyewe. Kinachomwinua au kumwangusha mwanamitindo, mara nyingi, kimeandikwa kwenye mkataba wake.

Sifa za kazi hii si za kubuni. Ni miongoni mwa kazi chache ambazo wanawake, kwa jumla, hulipwa zaidi ya wanaume. Haidai shahada, na imewafikisha mbali watu waliotoka mbali. Iman, Msomali, alifika New York mwaka 1975, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Alek Wek, aliyekimbia vita Sudan akiwa mtoto, aligunduliwa na wakala London mwaka 1995. Mwaka 1997 akatokea kwenye jalada la jarida la mitindo la Elle, na wasichana weusi ti wakaona sura kama yao mahali ambapo haikuwa ikiwekwa. Hilo si jambo dogo hata kidogo.

Lakini hao ni wachache mno. Kwa walio wengi, wakala hulipia nauli, viza, picha za kujitangazia na kitanda katika chumba cha kuchangia, kisha anayaandika yote hayo kuwa deni. Kazi ikipatikana, anakata kamisheni yake, ambayo kwa kawaida ni 20%, na mteja naye anamlipa wakala huyo huyo ada ya kwake. Malipo huweza kuchelewa kwa miezi. Na kwa kuwa mara nyingi mwanamitindo huhesabiwa kuwa amejiajiri, sheria za kazi nyingi hazimgusi. Ndiyo maana mtu anaweza kupita jukwaani kwa mbunifu maarufu na kurudi chumbani akiwa na deni kubwa kuliko alilotoka nalo. Mwenye deni la namna hiyo ataona ugumu kukataa anapoambiwa apunguze kiuno au aingie chumba asichokitaka. Deni ndilo linalomnyang'anya sauti.

Suala la wembamba limeshaua. Mwaka 2006 mwanamitindo Luisel Ramos wa Uruguay alifariki, na miezi michache baadaye Ana Carolina Reston wa Brazil. Mwaka huo huo maonyesho ya Madrid yakaanza kuwakataa wenye uwiano wa uzito na urefu ulio chini ya 18. Wapo wanaopinga wakisema kipimo hicho kinawaadhibu waliozaliwa wembamba, na hoja yao ina uzito. Naiona afadhali njia ya Ufaransa, ambako tangu mwaka 2017 mwanamitindo anahitaji cheti cha daktari, na mwajiri anayekiuka anaweza kutozwa faini ya euro 75,000 na kufungwa miezi 6. Daktari humwangalia mtu mzima. Mzani hutoa namba tu.

Sasa mtazame mwanamitindo wa wasanii, yule anayekaa mbele ya wachoraji na wachongaji, mara nyingi akiwa mtupu. Huyu ndiye anayeogopwa zaidi na wazazi. Kumbe darasa la uchoraji linaloendeshwa vizuri lina taratibu kali: hakuna kumgusa, hakuna kupiga picha, ana pahali pa kubadilishia nguo, na mkao unaweza kuwa wa dakika moja au wa saa nzima, mradi apumzike. Analipwa kwa saa. Mara nyingi hana wakala wa kumkata, wala hatakiwi kukonda. Mzee mwenye makunyanzi anapendwa kwa sababu ana mistari ya kuchora. Ubaya wake ni kwamba ujira ni mdogo na ngazi ya kupanda haipo. Desemba 2008, wanamitindo wa Paris waliandamana, baadhi yao wakiwa uchi kwenye baridi, baada ya manispaa kupiga marufuku karatasi iliyoviringishwa kama koni iliyokuwa ikipitishwa darasani kukusanya bakshishi. Walichodai ni ujira bora na kutambuliwa kuwa wana taaluma.

Kwa hiyo utupu peke yake hautuambii nani anadhulumiwa. Karatasi ya mkataba ndiyo inayotuambia, na karatasi hizo zinaanza kubadilika. Sheria iliyoanza kutumika jimbo la New York Juni 2025 inamtaka wakala atangulize maslahi ya mwanamitindo, inaweka kikomo cha kamisheni kuwa 20%, na inadai idhini ya maandishi kabla ya kutengeneza nakala ya kidijitali ya sura yake. Kipengele hicho cha mwisho kimekuja wakati wake: mwaka huo huo kampuni ya mavazi ya H&M ilitangaza mpango wa kutengeneza nakala za kidijitali za wanamitindo 30. Anayesaini nje ya jimbo hilo hana kinga hiyo, basi aulize mwenyewe kabla ya kushika kalamu: deni linahesabiwaje, malipo yanafika lini, na sura yangu itakuwa ya nani mkataba ukiisha.