Sikumwita mama mwenyekiti mdaiwa sugu, jamani

Naandika mwenyewe kabla ile stori ya jamaa yangu haijafika Kigoma. Anasambaza kwamba shangazi alinihonga nimuaibishe mwenyekiti wa kikoba. Sijahongwa hata soda.

Si mnajua nilikuwa natengeneza ka-app ka kikoba kwenye Android Studio, ile programu ya kutengenezea app za simu? Kuandika kodi bado (za kompyuta, sio ya TRA, msinichome), mimi ni wa kuburuta tu, buruta picha weka hapa, buruta kitufe weka pale. Juu picha ya mama mwenyekiti na kilemba chake, chini vitufe vitatu: WEKA AKIBA, KOPA, na cha mwisho WADAIWA SUGU, ombi la mhazini. Kwenye laptop vilikaa kama vyombo kabatini. Kuna kialama chekundu kilikuwa kinanikodolea, nikakipuuza, mbona app imekubali kujengwa? Emuleta, ile simu ya bandia ya kujaribia app ndani ya laptop, ndo sithubutu, laptop ya RAM 4GB feni inalia kama mashine ya kusaga, so nikaiingiza kwenye simu usiku, nikaona ikoni imetokea, nikalala. Hata kuifungua sikuifungua. Chekeni tu.

Jumapili, sebuleni kwa shangazi Mbagala, kina mama kama ishirini, nimerusha skrini ya simu kwenye TV. Shangazi kanitambulisha "mwanangu injinia". Injinia nikagusa ikoni.

Kila kitu kimerundikana kona ya juu kushoto kama abiria mlangoni mwa daladala saa kumi na mbili jioni. Picha chini, vitufe vimeipanda, kimoja juu ya kingine, na aliyewashinda wenzie ni yule wa mwisho. Katua paji la uso la mama mwenyekiti, pale pale chini ya kilemba.

Kimya. Bibi mmoja wa mbele akatafuta miwani, akaifuta na kanga, akaivaa, akaanza kusoma taratibu kama yuko darasa la kwanza: "Wa... da... i... wa..." Nikajua zimebaki silabi mbili, nikakurupuka nirudi nyuma, kidole kikagusa kitufe kile kile, kikawaka, kama kinakazia. "Su... gu." Mwenyekiti hakusema kitu, alishusha tu kikombe kwenye kisosi, ile "ting" naisikia mpaka sasa. Ndo kutoka kule nyuma kwenye jamvi, kasauti: "Hee, hata simu inajua."

Kumbe anadaiwa kweli!! Laki nne na nusu, tangu mwaka jana. Mimi ningejuaje wadau?

Basi kelele, daftari likaletwa, mimi nikapelekwa kula wali jikoni. Jioni ndo nikakisoma kile kialama. Kumbe ukiburuta kitu bila kukifunga, pale ulipokiweka ni pa kwenye editor tu, kule unakopangia, app ikiwaka kinakimbilia sifuri, sifuri, yaani konani. Kila kitu kina viduara pembeni, unavuta mstari mpaka ukingoni au kwa jirani yake, angalau mmoja wa mlalo na mmoja wa wima. Na mpangilio huo wa kufunga vitu, ConstraintLayout, Google waliutangaza tangu 2016, mgeni ni mimi. Kuvifunga vyote imenichukua dakika kumi.

Mwenyekiti jana kapunguza laki mbili, sharti picha yake itolewe. Nimeitoa. Leo asubuhi mhazini kanipigia, anauliza kwa sauti ya chini kama pale naweza kuweka ya katibu.