Kilima kidogo si cha kudharau

Ukiwaambia watu kwamba umepanda kilima, swali la kwanza ni urefu wake. Ukijibu mita mia mbili, mazungumzo yamekwisha. Sikubaliani kabisa na kipimo hicho. Kilima kifupi chenye majabali, vichaka vya miiba na njia inayopotea kila baada ya hatua chache kitakutoa jasho kuliko mlima mrefu uliochongewa ngazi.

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni ambayo wapandaji wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu za mwendo, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 (kama mita 600) za kupanda. Kwa hesabu hiyo, mita 200 zinaongeza kama dakika 20 tu. Kanuni ni nzuri, ila haina habari na majabali. Mahali unapolazimika kutumia mikono, dakika hizo 20 zinaweza kuishia kwenye ukuta mmoja wa mawe.

Hapo ndipo utamu ulipo. Asubuhi na mapema jiwe bado lina umande, na ule ukoko wa kijivu na kijani ulioota juu yake, ambao mchana unashika soli vizuri, sasa unateleza kama sabuni. Unaweka mguu, unaujaribu kwanza bila kuuegemea, unatikisa jiwe la kushikia kwa kiganja. Mikono miwili na miguu miwili: vitatu vitulie, kimoja ndicho kisogee. Ukiwa na mwenzako unayepiga naye soga, nusu ya haya huyaoni. Ukiwa peke yako, kila jiwe unalijua.

Halafu kuna baridi ya chini, ambayo wengi hawaitegemei. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi huwa nzito na kuteremkia bondeni, kwa hiyo unaanza safari ukitetemeka, na katikati ya mteremko unakuta joto linakupokea kabla hata jua halijakufikia. Anayelala hadi saa tatu hajui jambo hili.

Najua wapo wanaosema kwenda peke yako ni kujitafutia balaa. Hatari ipo, nami siifichi. Lakini ina dawa zake: mwache mtu anayejua umepita njia gani na utarudi saa ngapi, na beba filimbi. Milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Hiyo ndiyo ishara ya kuomba msaada milimani, na jibu lake ni milio mitatu. Tena aliye peke yake hugeuka mapema, kwa sababu hana wa kumwonea haya. Kwangu hiyo ni faida kubwa ya usalama.

Kushuka ndiko kugumu zaidi. Misuli ya mapaja inafanya kazi ya kukuzuia huku ikivutwa, ndiyo maana inauma kesho yake na hata keshokutwa, na changarawe juu ya jiwe kavu haina huruma. Basi usitumie nguvu zako zote kukimbilia kileleni. Bakiza za kushukia, piga hatua fupi, na pale panapotisha geuka ulitazame jiwe, ushuke kinyumenyume.