Maji moto hawana wakala

Mwaka juzi mkwezi wangu alishuka kutoka mnazi wa tatu kifua wazi, shati kaliacha huko huko juu, anajipangusa shingo na makwapa kama mtu aliyemwagiwa uji. "Kaka, hawa maji moto wako leo wameniua. Mimi sipandi tena mpaka upige dawa." Maji moto ni wale sisimizi wekundu wanaouma, wanaojenga viota vya majani juu ya miti. Nina minazi saba hapa Kigamboni, niliikuta kwenye kiwanja siku nanunua, na mkwezi ni mtu wa kubembelezwa. Akikususia, nazi zinajiangukia zenyewe juu ya bati usiku wa manane. Jumamosi ile ile nikapanda pantoni mpaka ng'ambo, nikaenda Kariakoo.

Duka la pembejeo nililoingia hawakuniuliza mdudu gani, yuko kwenye zao gani, anakula nini. Kijana wa kaunta aliuliza neno moja tu: "Wanauma?" Nikasema wanauma. Akanyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka, akateremsha chupa yenye utepe wa njano chini ya lebo. "Hii kiboko."

Na kweli ilikuwa kiboko. Nilikodi bomba na mtu wa kupanda nalo, na kufika adhuhuri ua mzima ulikuwa umetapakaa viota. Nikakiokota kimoja, nikakifungua. Majani yameshonwa pembe kwa pembe kwa utando mweupe, nadhifu kuliko mshono wa fundi wangu wa Mbagala. Ndani mna mabuu meupe, laini, yaliyokufa. Sikujua wakati ule kwamba uzi wa kushonea unatoka kwa hao watoto. Mkubwa humbeba buu mdomoni, akamgusisha ukingo wa jani hili na wa jani lile, kwenda na kurudi, kama sindano. Nikafagia, nikachoma moto takataka, nikajisikia mwanaume.

Miezi michache baadaye vidaka vikaanza kuanguka. Kidaka kuanguka si habari, mnazi hujipunguzia mzigo wenyewe. Lakini hivi vilijaa ndoo kila asubuhi. Vilivyobaki juu vikawa vitale vilivyopinda, vina makovu meusi na gundi iliyoganda kwenye kumbi. Madafu niliyozoea kuwagawia wageni nikaanza kuyanunua barabarani, kwa muuza baiskeli, huku nina minazi saba. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu anayesoma kilimo SUA, kule Morogoro. Nilimtumia picha. Akapiga simu, akaniuliza kama kulikuwa na maji moto, nami nikamsimulia ushujaa wangu. Akakaa kimya kidogo. "Sasa mjomba, nani atamla yule kunguni?"

Kunguni mwenyewe ni mdudu wa kahawia, mwembamba, anayefyonza nazi zikiwa changa. Wachache tu juu ya mnazi mmoja wanatosha kuharibu mavuno. Wanasayansi wanamwita Pseudotheraptus wayi, na hilo neno la mwisho linatokana na Way, mtafiti Mwingereza aliyekuwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950 akichunguza minazi na wadudu wake. Alichoandika yeye ndicho alichoniambia mpwa wangu kwenye simu: wakikaa maji moto, kunguni hana nafasi. Miaka ya 1950! Marehemu baba yangu alikuwa bado mtoto.

Wala mambo hayakuishia Unguja. Mwaka 1979 serikali ilianzisha mradi wa taifa wa kuendeleza minazi, na ndio uliozaa kituo cha utafiti tunachokiita leo TARI Mikocheni. Mikocheni hii hii, ambako nikienda kwa shemeji napita na bajaji. Watafiti wa minazi wamewafuatilia maji moto hawa kwa miaka na miaka, wakagundua hata adui yao ni nani: sisimizi wadogo wa chini wenye vichwa vikubwa, wanaokaa kwenye shina na kuwafukuza. Wakaona pia kwamba shamba likiachiwa majani chini, maji moto wanadumu, na likiparuliwa likawa jeupe, wale wa chini ndio wanaotamba. Niliposikia hilo nilitazama ua wangu. Unafagiliwa kila alfajiri, mistari ya ufagio inaonekana, hakuna unyasi. Kwa heshima zetu za Kipwani nilikuwa nimewafungulia mlango maadui.

Huko kusini, kwenye mikorosho, maji moto hao hao wanapambana na mdudu mfyonzaji aitwaye mbu wa mikorosho. Wachina wametumia jamaa zao kwenye michungwa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na viota walikuwa wakiviuza sokoni. Hapo kwenye kuuza ndipo nilipoganda.

Kwa sababu kila ninapokwenda kwenye makongamano (kazi yangu ni ya uhasibu, lakini huwa naalikwa kuhesabu posho), nasikia wimbo mmoja: utafiti haumfikii mkulima, elimu itolewe, wadau washirikishwe. Kisha chai na sambusa. Nadhani wanakosea mahali pa kutazama. Dawa ya yule kijana wa Kariakoo ilinifikia bila kongamano, kwa sababu kila aliyeishika njiani amepata chake, kuanzia mwagizaji mpaka aliyenikodisha bomba. Ushauri wa kutofanya kitu haumpi mtu hata mia. Nani atakaa kaunta siku nzima kuwaambia watu, "Waache hao, nenda nyumbani"? Maji moto hawana wakala.

Wakala wao alipaswa kuwa chuo kikuu, maana mishahara ya pale ni kodi zetu. Lakini mhadhiri anapanda cheo kwa makala kwenye majarida, na majarida yenyewe ni ya Kiingereza. Mpwa wangu alinitumia moja ya makala hizo. Nilifika ukurasa wa pili nikaweka simu chini, na mimi nimesoma mpaka chuo. Mkulima wa mchicha pale bonde la Msimbazi aanzie wapi?

Na watu hawa si kwamba hawana lugha ya wadudu. Yule nondo wa nyanya aliyetoka Amerika ya Kusini alipoingia kaskazini mwaka 2014, wakulima walimpa jina, kantangaze, na likasambaa nchi nzima. Dumuzi wa mahindi alipozuka Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimwita Scania. Watu wenye uwezo wa kubuni majina ya namna hiyo hawashindwi kuelewa ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri. Ninachotaka mimi ni kidogo sana: mwanafunzi yeyote wa shahada ya uzamili aliyeandika kuhusu wadudu wa mazao asivae joho mpaka ameandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, akaupeleka mwenyewe kwenye duka la pembejeo, akasimama pale kutwa nzima. Wakimfukuza, aandike na hilo.

Halafu kuna mkwezi. Aliporudi msimu uliofuata nilimweleza yote kama mtu aliyegundua bara jipya. Akanitazama. "Kaka, kwetu Mafia mnazi wenye maji moto ndio unaozaa, kila mtu anajua. Tunajipaka majivu tu, tunapanda." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema yeye analipwa kwa mnazi, na sikumuuliza.

Sasa nimefunga kamba ya katani kutoka mwembe wa jirani, wenye maji moto, juu ya ukuta, mpaka kwenye mnazi wangu wa karibu, ili wavuke warudi kwangu. Wiki ya kwanza hakuna aliyepita. Wiki ya tatu nikaona mmoja, mwekundu, kasimama katikati ya kamba anapapasa upepo, akarudi alikotoka. Siku hizi wanapita msururu mzima. Chini nimeacha majani yaote, na mama mkwe amekwisha uliza kama kuna mgonjwa humu ndani. Tatizo ni jirani. Watoto wake wameumwa wakiokota embe, naye kanunua dawa, chupa nimeiona barazani, ina utepe wa njano. Nimemwomba sana. Amenipa mpaka msimu wa embe uishe.