Picha ya Julai 2013 inamweleza zaidi ya ndege iliyotunguliwa
Kuna makala inayodai kwamba George H. W. Bush, aliyekuwa rais wa Marekani, atakumbukwa kwanza kama rubani kijana aliyetunguliwa karibu na kisiwa cha Japani cha Chichi Jima mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini mimi namkumbuka zaidi kwa picha ya Julai 2013, ambapo mzee huyo wa miaka 89 alionekana amenyoa kichwa chote, sawasawa na mtoto mdogo aliyempakata, mgonjwa wa saratani ya damu ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa walinzi wa Bush. Ugonjwa huohuo ulimchukua binti wa Bush mwenyewe, Robin, mwaka 1953, kabla hajatimiza miaka minne. Miaka 60 ilikuwa imepita, na bado aliujua uchungu wa mzazi yule. Je, wenzangu, nanyi mnamkumbuka kwa lipi?