Picha za uchumba zipigwe pale uchumba ulipoishi

Swali la kwanza ninaloulizwa na wachumba wanaotaka kupigwa picha ni ufukwe gani unapendeza. Nimekuwa nikifanya kazi hii Dar es Salaam na Bagamoyo kwa miaka kadhaa, na swali hilo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nimezoea kulijibu kwa swali jingine: mlikuwa mkikutana wapi? Simu hunyamaza kidogo. Kisha mmoja hutaja kituo cha daladala, au benchi la nyuma kwenye mazoezi ya kwaya, au kibanda cha mama lishe kilicho mkabala na chuo, na kwa namna sauti yake inavyobadilika natambua kwamba picha ziko huko. Maoni yangu ni kwamba picha za uchumba zipigwe pale ambapo uchumba wenyewe umeishi, na mipango mingine yote, ya saa, ya mavazi na ya malipo, ifuate baada ya uamuzi huo.

Mwaka juzi nilipata wachumba waliofahamiana dukani, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, ambako yule dada amekuwa akimsaidia mama yake kuuza khanga na vitenge tangu akiwa msichana. Walikuwa wamekwisha kulipia gauni jekundu la kukodi lenye mkia mrefu, nao walitaka ufukweni. Niliwaomba wanipe saa moja tu dukani, Jumapili asubuhi, wakati mitaa ya Kariakoo imetulia na mikokoteni haijaziba njia. Dada alishusha doti ya khanga kutoka kwenye rafu, akaifungua, akampa mwenzake ncha mbili, wakaanza kuikunja: wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Yule kaka hakujua kukunja khanga. Kila walipokutana, dada alimrekebisha vidole, akimwekea kidole gumba juu ya pindo, na jina la khanga likawa linaonekana na kupotea kati ya mikono yao: “Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.” Sikuwaambia watazamane wala wacheke, maana walikuwa wameshasahau kwamba nipo.

Kwa sababu ya mambo kama hayo sikubali tena kazi ya uchumba bila kukaa na wote wawili, wiki tatu au nne kabla ya siku yenyewe. Mwanzoni nilikuwa napatana na mmoja tu kwa simu, na mara moja nilijutia sana. Dada mmoja alipanga kila kitu, ufukwe, rangi na hata pozi, na siku ilipofika mwenzake alisimama majini amekakamaa, tabasamu limeishia kwenye meno, hadi nusu ya muda ukapotea kabla sijapata ujasiri wa kumvuta pembeni na kumuuliza. Utotoni aliwahi kunusurika kuzama, na tangu hapo hapendi mawimbi. Mchumba wake hakuwa na habari hiyo, nami sikuwa nimeuliza. Siku hizi nauliza, na mmoja akijibu kwa niaba ya wote wawili, namgeukia yule aliyenyamaza na kusubiri. Nauliza nani haoni vizuri akivua miwani, nani haoni raha kukumbatiwa mbele za watu, nani ana mzazi ambaye picha fulani itamuumiza. Kwa wachumba Waislamu nauliza habari ya swala, kwa sababu mwanga ambao wapiga picha wote tunaupigania jioni huishia Magharibi inapoingia, na ni afadhali kujua mapema nani ataswali wapi na atatia udhu kwa maji gani kuliko kumweka mtu katika hali ya kuchagua kati ya swala yake na picha yangu.

Sasa nije kwenye ufukwe, maana wapo ambao uchumba wao kweli umeishi huko, na kwao nina mengi ya kusema. Pwani yetu ya bara imeelekea mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya mji, kwa hiyo anayeota picha ya jua likizama majini atalikosa Bagamoyo, na atalikosa Coco Beach vilevile. Atalipata upande wa magharibi wa rasi ya Msasani unaotazama ghuba, na atalipata Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako Forodhani imeelekea machweo. Bagamoyo mimi huipa alfajiri. Ni takriban kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na wachumba walio tayari kuondoka nyumbani saa kumi usiku hufika wakati bahari ina rangi ya kijivu na mashua za wavuvi zinarudi. Kuanzia jua linapochomoza hadi kama saa mbili asubuhi, mwanga huja kwa ubavu na kulainisha nyuso. Baada ya hapo jua hupanda, macho huwa mashimo meusi chini ya paji la uso, na hakuna ujuzi wa kompyuta unaoweza kurudisha kilichopotea.

Jioni ina hesabu yake. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 hivi, likiwahi mwezi wa Mei na kuchelewa mwezi wa Februari, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta giza huingia upesi kuliko picha za mitandaoni kutoka Ulaya zinavyotufanya tuamini. Mtu akiniambia tukutane saa kumi na moja na nusu, namwambia kwamba tayari tumechelewa, kwa sababu kuna kubadili nguo, kuna kupaka poda upya, kuna foleni ya Mwenge. Nataka wawe wamevaa na wametulia saa kumi na nusu.

Halafu kuna maji. Nimeona wachumba wakifika na mikeka, maua na meza ndogo ya keki, wakakuta bahari imejaa hadi ukutani na hakuna mchanga wa kuwekea mguu, kwa sababu ilikuwa siku ya mwezi mpevu na hakuna aliyefikiria bamvua. Maji kupwa na kujaa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ufukwe uliouona mtupu Jumamosi iliyopita saa kumi jioni hautakuwa hivyo Jumamosi hii saa ileile. Jedwali la maji linapatikana kwa urahisi kwenye simu, na mvuvi yeyote atakueleza bila jedwali. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, sipendekezi kazi ya nje isipokuwa wachumba wenyewe wanaipenda mvua, na hao wapo. Miezi ya kusi, katikati ya mwaka, ina hewa safi na ubaridi kidogo, ila upepo wake hauna huruma na shela wala nywele zilizotengenezwa kwa saa tatu, kwa hiyo pini ziwe nyingi.

Kuna mahali ambapo ningeomba wachumba wafikiri kabla ya kusimama. Magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo, yenye msikiti wa karne ya 13, yanavutia sana kwa kamera, lakini sehemu kubwa ya kinachovutia pale ni makaburi, nami simruhusu mtu aketi juu ya kaburi kwa ajili ya picha yangu. Mji Mkongwe, pale kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Niliwahi kuombwa kupiga picha ya kuvishana pete karibu na sanamu hizo, nikakataa, na ningekataa tena leo. Maeneo ya kale yana kiingilio na wasimamizi, hivyo ni vizuri kwenda siku moja kabla, kuwaona na kuwaeleza nia yenu. Kivuko, bandari na majengo ya serikali yasipigwe picha bila kibali, hata kama ndipo mlipokutana; wachumba wangu wa Kigamboni tuliwapigia picha upande wa pili, kwenye njia ya mchanga ambayo kaka alikuwa akimsindikiza dada kila jioni. Droni nayo inahitaji vibali, cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha wizara ya ulinzi, kwa hiyo anayekuahidi kuirusha kesho asubuhi muulize amevipata lini.

Kuhusu mavazi nina neno fupi: chukueni nguo mbili, moja ya kutoka na moja ambayo mmekwisha kuivaa mkiwa pamoja. Vitenge vya sare vinapendeza ikiwa maua yake si makubwa kuliko nyuso zenu. Kanzu nyeupe kwenye jua kali huidanganya kamera, ikapunguza mwanga, na uso wa aliyeivaa ukawa giza, hivyo aliyevaa nyeupe namweka kivulini. Viatu vipya vivaliwe nyumbani siku mbili tatu, kaka apite kwa kinyozi siku mbili kabla, na mikono ya wote wawili iangaliwe, kwa sababu pete itapigwa kwa karibu na mikono ndiyo itakayoonekana. Hina ipakwe siku moja au mbili kabla, ndipo rangi inapokolea. Piko nyeusi nawasihi muijaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi, maana baadhi ina kemikali za rangi ya nywele, na nimeona mkono wa pete uliovimba malengelenge.

Nina uchungu zaidi na habari ya ngozi. Wapambaji wengi bado wanapaka fondesheni iliyo nyeupe kuliko shingo, na baadhi yetu wapiga picha tunamalizia kwa kung'arisha uso kwenye kompyuta hadi ndugu wanamtambua mtu kwa nguo. Tabia hii ina mizizi ya zamani. Kwa miaka mingi filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliiita Shirley, na ngozi kama zetu zikatoka kama kivuli kisicho na sura. Kamera za leo hazina kisingizio hicho. Ngozi nyeusi ikipewa mwanga laini kutoka ubavuni hung'aa yenyewe, ina wekundu, ina udhahabu, ina rangi ya kahawia isiyopatikana kwenye kopo lolote. Kwenye kikao chetu cha kwanza nawaomba wachumba waniambie wazi kwamba hawataki kubadilishwa rangi, na wamwambie mpambaji hivyohivyo, na wafanye jaribio la vipodozi mapema kwenye mwanga wa jua badala ya kwenye taa ya saluni.

Malipo yaandikwe. Iandikwe kiasi cha arubuni, idadi ya picha zitakazohaririwa, siku ya kuzikabidhi, nani analipia usafiri na viingilio, na itakuwaje mvua ikinyesha. Iandikwe pia kama mpiga picha anaruhusiwa kuziweka kwenye kurasa zake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, sura ya mtu ni yake. Uchumba unaweza kuvunjika, na nimewahi kupigiwa simu na dada aliyekuwa akilia kwa sababu picha zake na mtu aliyemwacha zilikuwa bado zinatangaza biashara ya mpiga picha mwingine. Kuanzia siku hiyo siweki picha ya wachumba popote hadi waoane na waniruhusu wote wawili.

Na hilo linanileta kwenye jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia kwangu, ambalo ni la kusubiri. Kwetu uchumba hauanzi na pete. Kuna mshenga, kuna barua ya posa, kuna majibu, kuna kishika uchumba, na hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaichukulia ahadi ya ndoa kwa uzito, kiasi cha kumruhusu mtu kudai fidia ahadi hiyo ikivunjwa. Najua familia ambayo mjomba, aliyekuwa amebeba barua ya posa ambayo haijajibiwa, alionyeshwa picha za wachumba kwenye stetasi ya WhatsApp ya mtu baki, wakiwa wamekumbatiana kwenye mchanga. Barua ile ilichelewa kujibiwa kwa miezi, na waliolipa gharama ya ucheleweshaji huo ni wachumba wenyewe. Picha haikuwa na ubaya wowote. Ilitangulia tu mahali ambapo wazee walistahili kufika kwanza. Kwa hiyo nashauri siku ya picha ipangwe baada ya posa kukubaliwa, na zikishakuwa tayari, wazazi wa pande zote waonyeshwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Waonyeshwe zikiwa kwenye karatasi. Simu hupotea na akaunti hufungwa, na bibi aliyeko Lushoto asiyekuwa na simu kubwa naye ana haki ya kumwona mjukuu wake. Kwenye kila kazi ya uchumba naweka picha tatu za kuchapishwa ndani ya bei, moja kwa kila upande wa wazazi na moja ya wachumba. Wale wa Mtaa wa Uhuru waliniambia nichague mwenyewe, nami nikachapa ile ya gauni jekundu, kwa kuwa ndiyo waliyoilipia. Siku ya tatu mama wa yule dada alinipigia simu, akaniomba kwa adabu kabisa nimchapie na ile nyingine ya vidole kwenye pindo la khanga, kisha akaitundika dukani juu ya droo ya pesa, upande ambao wateja hawauoni.