Kodi imeshuka, au ni tangazo tu?

Mji wa wastani, tuseme wa watu laki mbili hadi laki nne, una jambo ambalo jiji kubwa halina: majengo matatu tu yanaweza kugeuza hali yote ya kodi za nyumba. Chukua mji wenye fleti 20,000 za kupangisha, 1,000 kati yake zikiwa tupu. Hiyo ni asilimia 5, kiwango ambacho wengi katika biashara hii hukiona ni cha mizani: mpangaji ana pa kuchagua, na mwenye nyumba hakai na fleti tupu muda mrefu. Yakikamilika majengo matatu ya fleti 200 kila moja ndani ya mwaka mmoja, fleti tupu zinafika 1,600 kati ya 20,600, karibu asilimia 7.8. Hakuna aliyehama mji, hakuna kiwanda kilichofungwa, lakini soko limelegea. Katika jiji la milioni tano, fleti 600 zisingesikika.

Ndiyo maana mabishano ya kodi katika miji ya ukubwa huu huwa makali. Kundi moja linasema jengeni, kodi itashuka yenyewe. Jingine linasema wekeni kikomo cha nyongeza ya kodi, maana fleti mpya ni za wenye pesa na aliye chini hazimfikii. Kila kundi lina tarakimu zake mkononi, na mara nyingi tarakimu zote ni za kweli. Zinapima vitu tofauti.

Tuanze na wastani wa kodi zinazotangazwa, maana ndio unaopotosha kuliko vyote. Tuseme kuna matangazo 1,000 ya fleti za zamani, kila moja kodi 100. Yanaingia matangazo 300 ya fleti mpya kwa kodi 160. Kwa sababu ya ushindani, za zamani zinashuka hadi 96. Piga hesabu: wastani mpya ni karibu 111. Gazeti litaandika kwamba kodi imepanda kwa asilimia 11, ilhali kila fleti iliyokuwepo imeshuka kwa asilimia 4. Anayetaka ukweli afuatilie fleti zilezile mwaka hadi mwaka, asilinganishe rundo la mwaka jana na rundo la mwaka huu.

Wastani hudanganya upande wa pili pia. Jengo jipya lenye fleti 200, likijaza 15 kwa mwezi, linachukua zaidi ya miezi 13 kujaa, na muda wote huo mkopo unadai riba. Mwenye jengo angeweza kushusha kodi, lakini mara nyingi hataki. Thamani ya jengo hukokotolewa kutokana na mapato yake: kwenye soko linalokubali faida ya asilimia 5 kwa mwaka, kila shilingi moja ya kodi ya mwaka inayopunguzwa inaondoa shilingi 20 kwenye thamani, na benki inaangalia thamani hiyo. Kwa hiyo anaiacha kodi ya mkataba palepale na kutoa mwezi mmoja bure. Mpangaji wa kodi 100 kwa miezi 12 analipa miezi 11, yaani wastani wa 91.7 kwa mwezi. Kodi halisi imeshuka kwa zaidi ya asilimia 8 bila tangazo kubadilika hata tarakimu moja.

Halafu kuna suala la muda. Kodi ya mkataba mpya hubadilika upesi. Kodi ya mpangaji aliyekaa miaka minne hubadilika mkataba unapohuishwa. Kipimo cha serikali ya Marekani cha mfumuko wa bei huchanganya makundi yote mawili na kuitembelea kila nyumba ya sampuli mara moja kila miezi sita, hivyo huchelewa nyuma ya mikataba mipya kwa takriban mwaka. Ndiyo maana mtafutaji anasema kodi zimeshuka, jirani yake aliyepokea barua ya nyongeza anasema zimepanda, na wote wawili hawajakosea.

Hoja ya kujenga ina ushahidi mzuri. Minneapolis, mji wa Marekani wenye watu wapatao 430,000, uliongeza idadi ya nyumba zake kwa asilimia 12 kati ya 2017 na 2022. Kodi zilipanda kwa asilimia 1 tu, huku sehemu nyingine za jimbo la Minnesota zikipanda kwa asilimia 14. Sifa nyingi zilikwenda kwenye uamuzi wa kuruhusu nyumba za familia tatu kwenye viwanja vya familia moja. Hapo sifa zilipotea njia: fleti nyingi mpya zilikuwa kwenye majengo makubwa kando ya barabara kuu, na kuondoa sharti la kila jengo kuwa na maegesho ya magari kulisaidia sana. Isitoshe, watu wa mji huo walipungua kidogo baada ya 2020, kwa hiyo si kila nukta ya asilimia ni kazi ya saruji.

Je, fleti ya gharama inamsaidia wa chini? Utafiti wa Helsinki, mji mkuu wa Finland, ulifuatilia mnyororo wa kuhama: anayeingia fleti mpya anaacha ya zamani, anayeingia hiyo anaacha nyingine, hivyo hivyo kushuka. Kwa kila fleti mpya 100 za katikati ya jiji zilizojengwa kwa bei ya soko, karibu 60 zilifunguka katika mitaa ya nusu ya chini ya kipato, na 29 katika moja ya tano ya chini kabisa, ndani ya miaka miwili. Ni matokeo yenye uzito. Lakini miaka miwili ni mirefu kwa mwenye notisi ya siku 60 mkononi, na mnyororo hukatika pale fleti mpya inapochukuliwa na mgeni kutoka nje ya mji.

Hapo ndipo wa kikomo wanapopata nguvu, na hoja yao si ya kipuuzi. Kikomo kinamlinda aliyepo leo. Huko San Francisco, sheria ya 1994 iliyoingiza majengo madogo ya kabla ya 1980 kwenye udhibiti wa kodi iliwasaidia wapangaji wake kubaki walipo kwa kiasi kikubwa. Gharama yake ni kwamba wamiliki walioguswa walipunguza fleti za kupangisha kwa asilimia 15, wengine wakiziuza, na watafiti walikadiria kuwa kodi ya jiji zima ilipanda kwa asilimia 5.1. Aliyekuwa ndani alipona. Aliyekuja baadaye alilipa.

St. Paul, jirani wa Minneapolis, ulionyesha jinsi kikomo kinavyoharibika kwa kuandikwa vibaya. Wapiga kura walipitisha kikomo cha asilimia 3 kwa mwaka mnamo Novemba 2021, bila nyongeza ya mfumuko wa bei, bila kuachia majengo mapya, na bila kulegeza kikomo mpangaji anapohama. Mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 Juni 2022. Vibali vya ujenzi vilianguka mara moja. Septemba 2022 baraza la mji liliachia majengo mapya kwa miaka 20, na 2025 likayaachia moja kwa moja yote yaliyojengwa baada ya 2004.

Asilimia 3 peke yake haiui jengo, ingawa wamiliki hupenda kusema hivyo. Kodi 100 na matumizi 40: baada ya miaka mitano kodi ikipanda kwa asilimia 3 na matumizi kwa asilimia 6 kila mwaka, kinachobaki ni 62.4 badala ya 60. Kinachoua ni mkopo kufika mwisho na kuchukuliwa upya kwa riba ya asilimia 7 badala ya 4. Kwa mkopo unaolipiwa riba tu, malipo ya 50 yanakuwa 87.5, na hakuna kikomo wala soko la mji wa wastani litakaloziba pengo hilo.

Kwa maoni yangu, mji wenye fleti tupu chini ya asilimia 3 unaweza kuhitaji kikomo cha juu kidogo, kinachofuata mfumuko wa bei na kuacha majengo mapya, wakati ujenzi ukisubiriwa. Ukishafika asilimia 7, kikomo kipya kinazuia nyongeza ambayo soko limeshaizuia.

Na anayeandika sheria hiyo asisahau mwezi ule wa bure. Sheria isiposema wazi, nyongeza itahesabiwa kutoka kodi ya mkataba. Mpangaji aliyelipa wastani wa 91.7 mwaka wa kwanza ataletewa 103 mwaka wa pili, halali kabisa chini ya kikomo cha asilimia 3. Mfukoni mwake hiyo ni nyongeza ya asilimia 12.